Neno la Paredi ya Ijumaa

"Your daughter is recalcitrant," alisema Mwalimu Yattani, naibu wa mwalimu mkuu, kisha akaegemea kiti chake kama mtu aliyetua gunia.

Kabale alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mkoba mapajani. Binti yake Talaso alisimama kando yake na sare iliyofuliwa jana. Wazazi wengine wawili walikuwa wakingoja zamu zao mle mle ofisini, maana katika shule ile aibu ya mtu haikufungiwa mlango. Mmoja wao, mzee mwenye miwani, alikohoa na kutazama dirishani. Hapo Kabale akajua kwamba neno lile, liwe lolote liwalo, halikuwa la kusifu.

Akainama kidogo mbele, akauliza kwa Kiborana, kwa sauti ya mtu anayemuuliza ndugu yake, neno hilo maana yake nini.

Na Yattani alikuwa ndugu, hilo lisisahaulike. Alizaliwa upande wa Kulamawe kama Kabale, akakuzwa kwa maziwa ya ngamia kama Kabale, na Kiborana alikijua kabla hajajua kwamba duniani kuna kalamu. Lakini alikunja uso.

"Mama, hii ni ofisi. Hapa ni English ama Kiswahili."

"Basi kwa Kiswahili, mwalimu."

"Hiyo neno ukilitafsiri linapoteza ladha." Akamgeukia mzee wa miwani, akatabasamu, na yule mzee, kwa kuwa naye alikuwa na mtoto wa kuombea, akatabasamu pia. "Nasema hivi. Mtoto yako hatii, na anafundisha wengine wasitii. Aende nyumbani mpaka tuwaite. Na ujue usajili wa mtihani wa Form Four unafungwa mwisho wa mwezi. Mwenye hayuko shule, hasajiliwi."

Kabale alitaka kuuliza mtoto alikataa nini hasa. Lakini Yattani alikwisha kumwita mzazi mwingine kwa kidole, na yeye akajikuta amesimama, akisema ahsante. Ahsante ya nini? Barabarani ndipo swali hilo lilipomjia, na lilimuuma kuliko yale yaliyosemwa ofisini.

Nyumba yao ya kupanga ilikuwa Bulla Pesa, chumba kimoja na pazia la kugawa. Abdub, mume wa Kabale, dalali wa mbuzi, alikuwa amerudi mapema kutoka sokoni. Alipoona sare ya Talaso saa ile ya masomo, hakungoja salamu.

"Umefanya nini?"

"Nimekataa kubeba maji, Abo."

"Kubeba maji!" Abdub alipiga mapaja. "Na hapa Isiolo nani habebi maji? Mama yako habebi? Nyanya yako hakubeba mpaka mgongo ukapinda? Wewe ni nani ukatae?"

"Ya nyumbani nabeba. Ile ni ploti yake."

Hapo ndipo yakatoka yote. Nyuma ya shule, juu ya mwinuko, Mwalimu Yattani alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha. Fundi anahitaji maji ya kukoroga simiti, na kuleta bauza, lori la maji, ni gharama. Basi kila alasiri, wenzao wa shule nyingine wakiwa wanafanya marudio, wasichana wa kidato cha nne wa shule ile walikuwa wanajaza mitungi ya plastiki kwenye tangi la shule na kupanda nayo mlimani. Ikaitwa nidhamu ya kazi. Wiki iliyopita mwenzao Naimo aliteleza kwenye kokoto na mtungi mgongoni, akaangukia mkono, na kifundo kikavunjika.

"Naimo wa Fosia?" Kabale aliuliza. "Si alianguka akicheza netiboli?"

"Hiyo ndiyo tuliambiwa tuseme. Mwalimu alitupanga mstari, akasema, huyu ameanguka wapi? Wenzangu wakasema netiboli. Mimi nikanyamaza. Kesho yake tukaambiwa tena tubebe. Nikaukalia mtungi wangu. Wenzangu watatu nao wakakaa. Wao wameomba msamaha."

Kabale alimtazama binti yake. Fosia alikuwa mwenzake wa kibanda kimoja cha maziwa. Mitungi inaposhuka kutoka Kulamawe asubuhi, wanaionja pamoja, wanagawana wateja, anayeumwa anauziwa na mwenzake. Na Fosia siku zile alikuwa akimlaumu Naimo, mtoto mkubwa hajui kukimbia bila kuanguka, na Naimo alikuwa akiinamisha kichwa tu.

"Na lile neno alilokuita?"

"Recalcitrant." Talaso alilitamka vizuri, polepole, jinsi mtu anavyopita penye miiba. "Tulifundishwa muhula uliopita, liko kwenye maneno magumu ya insha. Ni mtu mkaidi, anayekataa kutawaliwa hata akiadhibiwa. Mwalimu wa Kiingereza alisema asili yake ni mnyama anayerusha teke nyuma akisukumwa."

"Recal…" Kabale alijaribu, ulimi ukakwama. Akajaribu tena. Alikuwa amepigwa teke na ngamia mara nyingi katika usichana wake, na alama alikuwa nayo pajani. "Ngamia harushi teke bure," alisema. "Anarusha chuchu ikiwa na kidonda, ama ukimfungia mtoto wake. Sasa huyo mwalimu ameuliza kidonda kiko wapi?"

"Kidonda kiko kwa mtihani," Abdub akasema. "Miaka minne tumesomesha. Mwezi huu ukipita, basi. Wewe fikiria maneno ya kamusi, mimi nafikiria mtoto." Akachukua birika la udhu, akatoka.

Lakini alipomaliza kuswali alikuja na shauri, na lilikuwa shauri jema, la kwao. Mkono mtupu haulambwi. Kabale ampelekee Yattani maziwa.

Isichukuliwe kuwa ni rushwa. Kwao mtu aliyekosana na mwenzake humwendea na maziwa ndani ya gorfa, kile chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi mpaka maziwa yanukie. Mwenye kinyongo akitaka kuendelea na kesi, anairudisha gorfa kama ilivyokuja, na hakuna wa kumlaumu. Akinywa, amekwisha. Kesi ameimeza pamoja na maziwa. Mtu mzima hanywi maziwa ya amani leo na kesho akafufua ugomvi. Hata watoto wanaochunga mbuzi wanalijua hilo.

Jumamosi Kabale aliifukiza gorfa ya mama yake mwenyewe, akachagua maziwa ya ngamia aliyezaa karibuni, akajitanda shuka jipya. Yattani alimpokea nyumbani kwake akiwa na fulana na kikoi, na ajabu ni kwamba nyumbani alisema Kiborana. Kiborana kitamu, cha mafumbo na dua. Alimuuliza habari za mvua Kulamawe, akamuuliza habari za wazee mmoja mmoja kwa majina.

"Nimekuja kwa sababu ya msichana wangu," Kabale akasema, na kumpa gorfa kwa mikono miwili.

Yattani aliipokea kwa mikono miwili. Akafungua kifuniko, akanusa moshi, akafumba macho. Kisha akanywa. Hakuonja, alikunywa mpaka koo likapanda na kushuka, akajifuta povu mdomoni na kutaja amani, amani kwako, amani kwa mifugo, amani kwa nyumba yako. Kabale aliitika kila moja. Aliporudi nyumbani alikuwa anacheka peke yake njiani, na jioni ile Talaso alipigiwa sare pasi mara mbili.

Jumatatu mlinzi wa lango aliwazuia Kabale na Talaso. Alikuwa na amri, akasema, na hakuthubutu kumtazama Kabale usoni. Wanafunzi walikuwa wakiingia kwa makundi, na kila kundi liligeuza shingo. Walikaa hapo wima kama waombaji, mpaka Yattani akaja na suti yake na Kiingereza chake.

"Mama, nilisema mpaka tuwaite."

Kabale alidhani hakueleweka. "Mwalimu, si ulikunywa?"

"Maziwa ni maziwa. Shule ni shule." Kisha akapaza sauti ili wazazi waliokuwa langoni wasikie, na walimu pia. "Kuna wazazi wanafikiri nidhamu inanunuliwa na maziwa. Hii ni corruption! Mimi sinunuliwi!"

Mtu mmoja alicheka. Kabale alihisi shuka lake jipya limekuwa zito mabegani. Maziwa yake, gorfa ya mama yake, dua zile zote, zimegeuzwa hongo mbele za watu, na aliyezigeuza bado ana ladha yake mdomoni! Kuna wizi wa mbuzi na kuna wizi wa ng'ombe, lakini kumwibia mtu heshima yake kwa kutumia mila yake mwenyewe, huo ni wizi ambao hauna kituo cha kuupeleka.

Yattani akakaribia, sasa kwa sauti ya chini. "Lakini mimi si mtu mbaya. Ijumaa, paredi, mbele ya shule yote. Apige magoti, aombe msamaha, aseme Naimo alianguka netiboli na yeye ndiye alileta uongo wa maji. Na wewe na baba yake muwepo. Akifanya hivyo, siku hiyo hiyo namsajili."

Kabale hakwenda nyumbani. Alikwenda kibandani, akakaa kando ya Fosia, na kabla hajatua mkoba akamwambia ukweli wote, mwinuko, kokoto, mtungi, na uongo wa netiboli.

Fosia alikuwa anampimia mteja maziwa. Kikombe kilibaki hewani. Alimpa mteja yule maziwa yake, akamrudishia hela zake zote bila kujua, akakaa chini.

"Mimi nilimpiga," alisema. "Siku ile alikuja na mkono umevimba, nikampiga kofi. Nikamwambia, mambo ya kurukaruka na mipira. Akanyamaza, wallahi. Alinyamaza mtoto wangu."

Walilia kidogo, wote wawili, bila kujificha. Kisha Kabale akamweleza la Ijumaa. Alitegemea Fosia atasema thubutu, mtoto wangu hatasingiziwa mara mbili. Alikuwa amejiandaa kusikia hivyo, na kwa kweli alikuwa akiliombea. Lakini Fosia alijifuta uso kwa ncha ya buibui.

"Mwache aseme, Mama Talaso."

"Aseme Naimo ni mwongo?"

"Mkono utapona. Mtihani haungoji mtu. Mimi nimekubali, na Naimo nitamwambia mwenyewe. Sisi ni watu wa chini, walaal, ndugu yangu. Mwenye nguvu mpishe."

Nyumbani Abdub alisikia habari hizo akashukuru Mungu. Talaso alikataa siku ya kwanza, akakataa siku ya pili, na siku ya tatu mama yake akamkamata mabega. "Fosia mwenyewe amekubali," alimwambia. "Mimi nakuomba. Ni dakika moja tu. Funga macho useme." Talaso hakuwa akimwogopa mtu, lakini mama yake kumwomba, hilo hakuliweza. Aliitika kwa kichwa. Kabale aliona uso wa binti yake ukizimika, akajiambia ni uchovu.

Ijumaa jua lilipanda mapema juu ya uwanja wa shule. Wanafunzi walipangwa kwa vidato, walimu kwenye kivuli cha veranda. Kabale na Abdub waliwekwa pembeni, kwenye jua, wakisimama. Hakuna aliyewapa kiti.

"Kneel," alisema Yattani.

Talaso alipiga magoti juu ya changarawe.

Hiyo pekee ingetosha. Lakini Yattani alikuwa mwalimu, na mwalimu hupenda somo. Akamzunguka yule msichana taratibu, mikono nyuma.

"Leo tutajifunza neno," alitangaza. "Neno la maana sana kwa insha. Recalcitrant. Semeni."

Shule nzima ikasema. Wadogo wa kidato cha kwanza walikosea, wakacheka.

"Tena!"

Wakasema tena, kwa nguvu, kama wanavyoimba wimbo wa taifa. Mamia ya midomo ya watoto, na kila mdomo umemwelekea Talaso. Kabale akamwona Naimo mstarini, mkono umefungwa kwenye kitambaa shingoni. Naimo naye mdomo wake ulikuwa ukitikisika, lakini sauti haikutoka.

"Maana yake?" Yattani akauliza. "Mtu ambaye hakubali mamlaka. Mkaidi. Kichwa ngumu. Mnaona mwisho wake ni wapi? Chini hapo. Sasa recalcitrant wetu atatuambia kitu. Endelea."

Talaso alifungua mdomo. "Naitwa Talaso Abdub," alisema. "Naomba msamaha. Naimo alianguka…"

Akakwama hapo. Akajaribu tena. "Naimo alianguka aki…" Abdub, pembeni, alikuwa akinong'ona, sema, mwanangu, sema tu. Na Kabale ambaye siku tatu alikuwa ameomba kitu hicho hicho, ambaye alikuwa amemkamata mtoto mabega, alijikuta anatembea. Hakuamua. Miguu yake ilikwisha kufika katikati ya uwanja alipotambua kwamba watu wote wanamtazama.

"Yattani," alisema. Hakusema mwalimu. "Ulikunywa maziwa yangu?"

"Mama, please. This is an assembly."

"Nimeuliza kwa Kiswahili, hapa mnakubali Kiswahili. Jumamosi nilikuletea gorfa. Ulikunywa ama hukunywa?"

Mstari wa kidato cha pili ukaguna. Wengi wao walikuwa watoto wa wafugaji, na swali lile walilielewa kuliko neno la insha. Yattani alitazama veranda, akitafuta msaada kwa walimu wenzake. Mwalimu mmoja alianza kukagua viatu vyake.

"Alikunywa," Kabale akawaambia watoto. "Akanibariki. Kisha akaniita mhongaji langoni. Sasa mnamsikiliza huyu awafundishe maana ya mtu mbaya?" Akainama, akamshika binti yake kwapani. "Simama."

"Ayo, usajili," Talaso akamnong'oneza mama yake.

"Simama, mwanangu. Nilikosea kukuomba. Simama."

Talaso akasimama. Changarawe zilikuwa zimekwama kwenye magoti yake, na damu kidogo. Akaugeukia uwanja, na sauti yake sasa haikukwama popote.

"Naimo alianguka akibeba maji ya ploti ya mwalimu."

Mtu angependa kusema kwamba hapo shule nzima ilipiga makofi, kwamba mwalimu mkuu alitoka ofisini, kwamba haki ilitendeka. Haikutendeka. Yattani alipiga kengele, watoto wakaingia madarasani, na mlinzi akawasindikiza watatu hao hadi langoni. Nje ya lango Abdub alichutama barabarani, mwanamume mzima mwenye kofia nyeupe, akaanza kutoa changarawe moja moja kwenye magoti ya binti yake.

"Mwaka mzima," alisema hatimaye, bila kuinua uso. "Unaujua mwaka, Kabale?"

"Naujua."

Mwezi ukaisha, usajili ukafungwa, na jina la Talaso halikuwemo. Kulikuwa na shule Kulamawe, karibu na kaka yake Kabale, ambayo ilikubali kumpokea arudie kidato cha tatu. Wenzake wangefanya mtihani, yeye angewasikia kwenye simu. Alifunga nguo zake bila kulia, na hilo ndilo lililomliza mama yake. Yeyote anayedhani ujasiri ni kitu cha bure na aje aulizwe mwaka wake mmoja angeuuza kwa nini.

Siku Talaso aliposafiri, Kabale alirudi kibandani akamkuta Fosia amefunga mitungi yote mchana kweupe.

"Naimo amefika nyumbani," Fosia alisema. "Ameniambia wenzake wameanza tena. Leo hii. Wanabeba."

Walitazamana. Maziwa yaliachwa kwa jirani, nao wakashika njia ya shule, wakaizunguka kwa nyuma, mpaka kwenye kijia kinachopanda kwenye ploti. Walisimama hapo, katikati, wanawake wawili na mabuibui yao, jua likiwachoma utosini. Juu fundi alikuwa ameegemea koleo, akingoja. Chini walikuja wasichana wa kidato cha nne kwa mstari mmoja, migongo imepinda, mitungi ikiwavuja kwenye sare.

Wa kwanza alikuwa msichana mwembamba ambaye hawakumjua kwa jina. Alipowaona alisimama, na mstari wote nyuma yake ukasimama. Kutoka kwenye uzio wa shule sauti ya Yattani ilikuwa ikipiga kelele kwamba waendelee, waendelee, nani amewaambia wasimame.

"Weka chini, mwanangu," Kabale alisema.

Msichana alitazama nyuma kwenye uzio. Alijua kilichompata Talaso, shule nzima ilijua. Akawatazama wale wanawake. Akalegeza kamba kifuani, akashusha mtungi, na kuukalia.